Kanda ya Kuka na Fainali ya 1998

Wale mliozoea kupita hapa kusoma habari za programu na hifadhidata, leo nawapeleka kwingine kidogo: sebuleni kwetu Kwanza, kaskazini mwa Kitale, mbele ya deki kuukuu ya VHS. Msijali, kompyuta itaingia. Lakini nitaanza na historia, maana bila historia kazi hii ni ya kuunganisha waya tu.

Kuka (ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu) alifariki mwaka wa 1995. Alikuwa wa rika la Kinyikeu. Alizaliwa upande wa Kimilili, Bungoma, akahamia Kwanza katika miaka ya 1960 wakati mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa na kuuzwa kwa Waafrika. Alikufa akiwa mzee wa kuheshimiwa, kwa hiyo siku ya tatu baada ya mazishi akaitwa omuswala kumuse. Kwa wasiojua: huyu ni mzee wa kufariji, anayetembea huku na huko katikati ya umati uliokaa kimya, fimbo mkononi, akisimulia asili ya kabila, koo na majina yao, vita, ndoa, makosa ya waliotangulia na maonyo kwa wanaobaki. Si kazi ya kila mtu. Bungoma nzima walimjua Mzee John Manguliechi kwa kazi hii. Aliyekuja kwetu hakuwa na jina kubwa kama lake, lakini wazee wanasema siku ile alisema.

Baba na ndugu zake walichanga pesa wakaleta mpiga video kutoka Kitale. Akaja na kamera ya kubeba begani na kanda moja ya E-180, yaani kanda ya dakika 180. Kanda hiyo ndiyo habari ya leo.

Tuanze mbali kidogo. Watu wa kwanza kupiga filamu za nyumbani katika nyanda zetu hawakuwa sisi. Kodak walitoa filamu ya milimita 16 mwaka wa 1923, ya milimita 8 mwaka wa 1932, kisha Super 8 mwaka wa 1965. Mlowezi mwenye uwezo aliweza kupiga picha za mahindi yake, farasi wake, watoto wake wakicheza na wafanyakazi wake wakipita nyuma. Filamu nyingi za namna hiyo kutoka makoloni, zikiwemo za Kenya, zilikusanywa na makumbusho ya dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola mjini Bristol. Makumbusho yale yalifungwa, lakini mkusanyo haukutupwa: uko katika hifadhi ya nyaraka ya jiji la Bristol.

Hata hapa Kitale tuna mfano wa karibu. Mwaka wa 1926 mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake binafsi ya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya kale. Alipofariki mwaka wa 1966 mkusanyo wake ukarithiwa na taifa, na mwaka wa 1974 yakafunguliwa majengo mapya ambayo leo tunayaita Makumbusho ya Kitale. Kwa hiyo kipepeo aliyekamatwa Trans Nzoia zaidi ya miaka 60 iliyopita ana kabati lake, ana kibandiko chake, ana mtu anayelipwa mshahara kumtazama. Kuka wangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda cha senge.

Sisi tuliingia kwa mlango wa VHS. Sony walikuwa wametangulia na Betamax mwaka wa 1975, JVC wakafuata na VHS mwaka wa 1976, na vita vikapiganwa katika maduka ya Ulaya, Japani na Marekani hadi VHS ikashinda. Kufikia wakati deki zilipoanza kuonekana katika nyumba za walimu na wafanyabiashara wa Kitale na Bungoma, vita vilikuwa vimekwisha, na ndiyo maana wengi wetu hatukuwahi kuiona Betamax. Hakuna stima? Betri ya gari au jenereta. Harusi, kutahiriwa kwa vijana mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mazishi, mahafali, kila mahali palikuwa na kijana aliyebeba kamera begani na mwingine nyuma yake akishika waya wa taa.

Ukifikiria vizuri, hayo yalikuwa mapinduzi. Kanda iliwafanya watu wasio na uwezo wa kuandikwa katika kitabu cha historia waweze kuonekana na kusikika. Huko Nigeria, filamu ya Living in Bondage ilitoka moja kwa moja katika kanda za VHS mwaka wa 1992, na tasnia nzima ikasimama juu ya kanda. Hapa kwetu, River Road jijini Nairobi ilifuata njia hiyo hiyo, kanda kwanza, kisha diski.

Lakini kanda ina tabia zake. Ndani kuna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, umepakwa unga wa sumaku ulioshikiliwa na gundi. Gundi hiyo hunyonya unyevu. Unga huachia sumaku yake polepole. Na sisi tunaokaa karibu na Mlima Elgon, mahali pa mvua ndefu na magunia ya mahindi ndani ya nyumba, tunajua unyevu. Ukungu unapenda kanda kama unavyopenda viatu.

Kuna pia hasara ambazo si za kemia. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 1991, mapigano ya ardhi yalipoingia Trans Nzoia na Bungoma, nyumba zilichomwa. Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka wa 1998 ilisikiliza ushahidi wa mambo hayo. Mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, watu walijaa tena katika uwanja wa maonyesho wa Kitale wakiwa na magodoro na masufuria. Ukikimbia usiku unachukua mtoto, kitambulisho na, ukiwa na bahati, hati ya shamba. Hakuna anayerudi ndani kuchukua kanda. Ndiyo maana watu wa rika langu huku kwetu, ukiwauliza picha za wazazi wao, wengi watakuonyesha moja, ile ya kitambulisho.

Sisi nyumba yetu haikuchomwa. Sisi tulipoteza kwa njia nyingine.

Mwaka wa 2006 nilikuwa kijana wa chuo, nimejaa maarifa ya kompyuta, nikawaambia watu wa nyumbani kwamba zama za kanda zimekwisha. Nikaipeleka kanda ya kuka katika duka moja mjini linalohamisha kanda kwenda CD. Baada ya wiki nikapewa VCD moja imeandikwa "MAZISHI" kwa kalamu ya wino. Tukaitazama Krismasi ile, ikafika pahali ikakatika, kila mtu akasema kamera iliishiwa betri. Nikamwambia senge anaweza kuitupa kanda sasa, inakula nafasi. Senge akanitazama. Akasema kitu cha baba hakitupwi, akairudisha katika sanduku la bati.

Hebu niwaeleze nilichokuwa nimefanya, kwa lugha ya kazi yangu. VCD ni teknolojia ya mwaka wa 1993. Picha yake ina pikseli 352 kwa 288. Picha kamili ya PAL, mfumo tuliotumia Kenya, ikinakiliwa vizuri ni pikseli 720 kwa 576. Yaani nilibaki na robo ya picha, tena iliyobanwa hadi karibu megabaiti 10 kwa dakika. Uso wa mtu aliyesimama mbali ukawa vijisanduku. Halafu CD ya kuandikwa nyumbani haihifadhi data kwa kuchongwa kama ile ya kiwandani. Inahifadhi kwa rangi inayochomwa na mwanga, na rangi hiyo hufifia kwa joto na jua. Tena katika CD, tabaka linaloakisi mwanga liko juu kabisa, chini tu ya upande wa kibandiko. Ukiandika hapo kwa kalamu ya wino inayochoma unaweza kuliumiza tabaka lenyewe. Sote tulikuwa tukitunza upande wa chini unaong'aa, na kuandika "MAZISHI" upande wa juu.

Mwaka wa 2013 ile VCD haikusomeka tena katika mashine yoyote niliyoijaribu.

Si mimi peke yangu niliyeamini diski. Mwaka wa 1986 BBC waliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, ile sensa ya mwaka wa 1086, kwa kukusanya picha na maandishi ya Waingereza wa kawaida katika diski kubwa za leza, zisomwe kwa kompyuta za wakati ule. Miaka 16 baadaye, mwaka wa 2002, watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walikuwa wakihangaika kutengeneza programu ya kuiga zile kompyuta ili diski zisomeke. Kitabu cha ngozi cha mwaka wa 1086 kilikuwa bado kinasomeka kwa macho. Na NASA, watu waliotua mwezini mwaka wa 1969, walikiri mwaka wa 2009 kwamba kanda za awali za Apollo 11 inaelekea zilifutwa na kutumiwa tena. Kumbukeni hilo la kutumiwa tena.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo mwaka wa 2015 kwamba kanda za sumaku ambazo hazitakuwa zimehamishwa kufikia mwaka wa 2025 nyingi hazitaokolewa. Sababu ni mbili: kanda zinaoza, na mashine za kuzicheza zinaisha. Kweli, mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilifunga kazi hiyo. Niliposoma tarehe ile ya 2025 nikahesabu vidole, nikapanda matatu kwenda nyumbani.

Deki niliipata kwa fundi wa redio mjini Kitale, imefunikwa na vumbi. Mikanda yake ya mpira ilikuwa imelegea kama ugali wa jana, akabadilisha. Vichwa vya kusomea, vilivyo katika pipa dogo linalozunguka mara 25 kwa sekunde, tulivisafisha kwa spiriti na karatasi laini. Usitumie pamba, nyuzi zake hunasa na kuvunja kichwa. Jambo la pili: usijaribu deki usiyoijua kwa kanda unayoipenda. Mimi nilianza na kanda ya kwaya ambayo mwenyewe alinipa ruhusa itafunwe.

Kanda ya kuka nilipoitoa kwenye sanduku ilikuwa na ukungu mweupe pembeni. Niliiacha chumba kikavu siku kadhaa, nikaufungua mfuniko, nikaufuta utepe polepole kwa kitambaa kikavu huku nikiuzungusha kwa mkono. Nikaona pia kwamba kile kijiti cha plastiki mgongoni mwa kanda, ambacho mpiga video hukivunja ili kanda isirekodiwe tena, kilikuwa kimevunjwa kama inavyotakiwa. Na juu ya tundu lake palikuwa na kipande cha selotepu, kimegeuka rangi ya chai. Niliona, sikuwaza.

Waya wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti, kutoka deki hadi kifaa cha kunasa, kutoka hapo hadi kompyuta. Kwa wanaopenda hesabu: picha ya PAL isiyobanwa inakula karibu megabaiti 20.7 kwa sekunde, yaani gigabaiti 75 hivi kwa saa. Mfumo wa DV unakula kama gigabaiti 13 kwa saa. DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7 na inabeba kama saa mbili, ikibanwa. Mimi nilinasa kwa mfumo usiopoteza kitu, kwa kutumia FFmpeg, nikaacha kubana kwa baadaye. Kanuni ni hiyo: nakala mama ibaki kubwa na mbaya, ndogo na nzuri zitatoka kwake.

Ilikuwa Jumapili. Kukhu, yaani bibi, ambaye sasa amepita miaka 90, aliwekwa kiti karibu na skrini. Senge alikuwepo, baba mdogo alikuwepo, na watoto wa shule ambao hawakuwahi kumwona kuka. Nikabonyeza.

Picha ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Shamba, migomba, watu wamekaa chini kwa mamia. Watoto wakamwona baba yangu akiwa na nywele. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye maikrofoni msemaji alipofika kwenye vita vya Chetambe vya mwaka wa 1895, lakini sauti yake ilisikika. Akapita huku, akarudi kule. Akaingia ukoo wetu. Akaanza kutaja majina, baba wa kuka, baba wa huyo, baba wa huyo, na kila jina na kilima alicholala mwenye jina. Akafika jina la sita. Akainua fimbo.

Rangi za upinde wa mvua zikapita kwenye skrini kwa sekunde chache. Kisha tukaona uwanja, bendera, na watu weupe wakiimba.

Hakuna aliyesema kitu. Halafu baba mdogo akasema taratibu, akiangalia sakafu: "Ni fainali ya 98."

Ufaransa na Brazil, tarehe 12 Julai 1998. Baba mdogo alikuwa amepanga chumba mjini Kitale, amechukua deki na kanda kwenda kutazama. Hakukuwa na kanda nyingine ndani ya nyumba. Alikuwa ameitazama hadi hapo, akaamini kilichobaki ni watu wakila. Akabandika selotepu. Zidane akafunga mara mbili kwa kichwa, Petit akamalizia, na majina ya babu zetu yakaenda. Lile duka la mwaka wa 2006 liliona mpira likakata hapo hapo bila kutuambia, na sisi tukalaumu betri. Yeye alijua miaka yote ile, kila Krismasi tulipolalamika.

Nitawaambia ukweli, mimi nilikuwa tayari nimeshaanza kufikiria programu. Labda kuna mabaki ya sumaku, labda ishara ya zamani inaweza kuchujwa chini ya mpya. Hapana. Deki ya VHS ina kichwa cha kufutia kinachofagia upana wote wa utepe kabla utepe haujafika kwenye vichwa vya kuandikia. Zile rangi za upinde wa mvua ni kile kipande kifupi kilichokuwa katikati ya kichwa cha kufutia na pipa alipobonyeza kitufe: pale tu ndipo mpya iliandikwa juu ya zamani isiyofutwa. Sekunde chache. Baada ya hapo hakuna kitu chini. Tulibaki na dakika 72, yaani mita 101 za utepe. Dakika 108 ni za mpira.

Kukhu ndiye aliyevunja kimya. Aliuliza kwa nini tumenyamaza, jina linalofuata si linajulikana? Akalitaja. Akataja la nane na la tisa, na la tisa akalisahihisha. Niliruka kuchukua simu kurekodi, mikono inatetemeka. Alipofika la tisa akanyamaza, akasema, "Waliobaki aliwajua yeye."

Basi hapo ndipo tulipo. Tisa tunao. Wengine hatuna, na hakuna amri ya kompyuta itakayowarudisha.

Faili zile sasa ziko mahali patatu: katika diski ngumu Kwanza, katika nyingine Nairobi kwangu, na moja kwa binamu aliye ng'ambo. Ni ile kanuni ya nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja nje ya nyumba, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh. Kila faili ina alama yake ya SHA-256 iliyoandikwa katika daftari la kawaida, na kila Krismasi naendesha skripti ndogo kulinganisha. Kama alama imebadilika, nakala imeoza, natoa nyingine. DVD pia nilichoma, 11, kwa ajili ya jamaa wenye mashine. Lakini nikawaambia wazi: hii ni ya kutazama, si ya kuhifadhi, na muandike kwa kalamu laini.

Zamani nilidhani kuhifadhi ni kupata chombo kisichokufa. Filamu, kanda, VCD, DVD, flashi, kila kimoja kilikuja kikiapa kwamba ndicho cha mwisho. Kilichobaki ni kazi ya kunakili tena na tena, kabla chombo cha zamani hakijafa, na mtu wa kuifanya. Wazee wetu waliifanya kwa mdomo: jina lilirudiwa mbele ya mtoto hadi mtoto akaweza kulirudia. Nakala zao pia zilikuwa nyingi, na hazikukaa chini ya paa moja.

Baba mdogo aliniomba nisimwonyeshe mtu ile sehemu ya mpira. Nilikataa kuifuta. Iko katika faili mama, na mwaka wa 1998 nao ni historia yetu, hasa ule usiku. Yeye sasa ndiye anayekaa na kukhu jioni na simu yake, anamuuliza majina ya wakwe, ya mito, ya mashamba ya zamani ya upande wa Kimilili. Ananitumia faili kila wiki, nyingine za dakika mbili, nyingine za saa nzima kuku wakilia nyuma.

Kama nyumbani kwenu kuna kanda, itafute wikendi hii. Igeuze mgongo uangalie kile kijiti. Kama bado kipo, kivunje. Kama pana selotepu, ibandue kwanza, kisha uliza aliyebandika angali hai.